Msaidizi Asiye na Pua

Katika nyumba ya shangazi yangu kule Tingi, nilikokulia, kulikuwa na chumba kimoja ambacho mtoto hakuruhusiwa kuingia akiwa na chakula mkononi. Kilikuwa chumba cha kahawa. Magunia yalipangwa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na dirisha lake dogo lilifunguliwa asubuhi na kufungwa kabla jua halijazama. Siku moja, nikiwa bado sina meno ya mbele, niliingia humo na tonge la ugali na usipa wa kukaanga, wale samaki wadogo wanaopanda milimani kwetu kutoka Ziwa Nyasa. Shangazi alinishika mkono, akanitoa nje, akaninawisha kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha akarudi kufungua dirisha. Hakunieleza kitu. Nami sikuuliza, wala sikumbuki siku niliyoambiwa sababu. Nilikua tu nikijua kwamba kahawa hunywa harufu, na kwamba harufu iliyokwisha kunywewa haitoki.

Naanza na chumba hicho kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza lilizaliwa humo. Jambo ambalo mtu amelijua tangu utotoni bila kuelezwa ni gumu sana kulikumbuka siku anapotakiwa kumweleza mwingine.

Nilisoma chuo kikuu, Kiswahili na jiografia. Nikafundisha sekondari miaka kadhaa, kisha nikaajiriwa na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Mbinga, nishughulikie barua, taarifa na mikutano. Mwaka juzi chama kilianza kutumia msaidizi wa akili mnemba. Mwanachama humwandikia ujumbe kwa simu, kwa maneno yake mwenyewe, naye hujibu. Lakini hakuwekwa pale kwa ajili ya kujibu tu. Alipewa zana za kutendea kazi: moja ya kutafuta siku ya zamu kwenye mashine ya kumenya maganda ya kahawa, nyingine ya kusoma kilichopo ghalani, nyingine ya kupanga magari. Msaidizi haoni ndani ya zana hizo. Anachokiona ni jina la zana na maelezo yake, yaani aya fupi iliyoandikwa na mtu, na kutokana na aya hiyo huamua atumie zana ipi, wakati gani, na aipe taarifa zipi.

Mtaalamu wetu wa kompyuta alikuwa mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka Mwanza. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kazi, na hakuona aibu kukiri asilolijua.

"Mwalimu," aliniambia, kwa kuwa hapa mtu akiisha kufundisha hubaki mwalimu mpaka kaburini, "programu naiweza. Ila Kiswahili changu ni cha stendi. Maelezo ya zana andika wewe."

"Niandike kwa mtindo gani?"

"Kama unamwandikia mtumishi aliyeripoti leo asubuhi. Ana akili nyingi, anasoma haraka kuliko sisi wote, na hajawahi kufika Mbinga."

Nililisikia neno lake nusu. Nilisikia kwamba ana akili nyingi. Kwamba hajawahi kufika Mbinga nililichukulia kama utani.

Nikaandika. Maelezo ya zana ya magari niliyaona kuwa bora kuliko yote, na bado nayakumbuka kwa moyo: "Zana hii hupanga gari la chama kwa ajili ya mzigo wa mwanachama. Ipe kituo, idadi ya magunia na siku inayotakiwa. Itarudisha gari lenye nafasi." Yalikuwa mafupi, hayakuwa na neno la ziada. Nilimsomea mtaalamu kwa sauti, kama mtu anayesoma shairi lake.

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, magari yalipangwa na karani mmoja aliyekuwa na daftari na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Magari yetu hushuka ziwani yakiwa na mahindi na mbolea, na yakipanda hubeba usipa wa akina mama wa Liuli, kule ufukweni, hadi sokoni Mbinga. Karani alipostaafu alituachia daftari lake, nasi tukalisoma kwa makini: kituo, magunia, siku. Hivyo ndivyo nilivyopata zile taarifa tatu za zana yangu. Daftari halikusema kwamba gari lililobeba usipa huoshwa kwa maji mengi na kuachwa juani siku nzima, milango ya nyuma ikiwa wazi, kabla halijapewa kahawa. Halikusema kwa sababu karani hakuwa na haja ya kujiandikia jambo hilo. Ingekuwa sawa na kujiandikia kwamba avae viatu.

Tulijaribu mfumo wiki nzima. Mtaalamu alijifanya mkulima, mimi nikajifanya mama wa Liuli. Kila safari msaidizi alipanga gari sawasawa. Leo naona kwamba katika majaribio yote hatukuwahi kuomba gari la kahawa siku ambayo gari la usipa lilikuwa njiani. Mimi nilijua kahawa. Yeye alikulia kando ya ziwa kubwa na alijua dagaa wanavyonuka kwenye gari. Sentensi iliyohitajika ilikuwa nusu kichwani mwangu na nusu kichwani mwake, na hakuna aliyeitamka.

Sasa niseme habari ya shangazi. Chama chetu kina orodha ya wakulima ambao kahawa yao haichanganywi na ya wengine. Hupelekwa kuonjwa peke yake, na ikikubaliwa hutoka na jina la kijiji chake juu ya gunia. Anayeomba kuingia hupewa misimu mitatu ya kujaribu. Akishindwa yote mitatu, kahawa yake hubaki kwenye lundo la pamoja. Shangazi aliomba akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kuwaachia watoto mashamba. Msimu wa kwanza mvua iliikuta kahawa ikiwa kwenye vichanja vya kuanikia. Wa pili ilikaa kwenye maji kupita kiasi. Msimu wa tatu alichuma mwenyewe tunda moja moja, jekundu tu, na kila alasiri alikaa kando ya kichanja akichambua punje hadi vidole vikawa rangi ya udongo. Aliniambia mara moja tu kwa nini anajisumbua: "Nataka kabla sijafa nione Tingi imeandikwa juu ya kitu nilichokishika mimi."

Mwezi wa nane, siku ya Jumatano, akiwa njiani kwenda Mbuji, kwao alikozaliwa, kwenye msiba, alimwandikia msaidizi kwamba magunia yake tisa yako tayari katika ghala dogo la barabarani na yanatakiwa Mbinga kabla ya Ijumaa. Msaidizi alimjibu kwa adabu, akampa pole ya msiba, akamwambia gari litapita Alhamisi asubuhi. Shangazi alinipigia simu kunisifia. "Hicho kitu chenu kimefundwa," alisema. "Kimenipa pole kabla yako."

Alhamisi saa sita mchana nilikuwa ofisini. Gari liliingia uani, na kabla ya kuinuka kitini nikasikia harufu ya usipa, nisiitilie maanani. Kisha nikaona kwenye simu orodha ya mizigo ya gari hilo. Nilitoka nikikimbia, jambo ambalo watu wa umri wangu hawalifanyi bila kutazamwa.

Magunia tisa ya shangazi yalikuwa chini kabisa ndani ya gari. Juu yake, kwa kuwa barabara ina kona nyingi na dereva alitaka mzigo utulie, yalikuwa yamelazwa magunia ya usipa, ambao haukuwa umekauka vizuri.

"Kwa nini umepakia hivi?" nilimuuliza dereva. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa Tabora, wiki yake ya tatu kazini.

"Mwalimu, simu imesema nipakie magunia tisa. Nimepakia tisa."

"Juu yake umeweka samaki!"

"Ningeyaweka kichwani? Siku ya kwanza mliniambia, fuata simu, usibishane. Mimi ni nani nibishane na mashine iliyosoma?"

Tulishusha magunia, tukayafungua, nikachota kahawa kwa mkono na kuipeleka puani. Ilikuwa bado na ngozi yake nyembamba, ile inayofunika punje mpaka ikobolewe, na nilijidanganya kwa dakika moja nzima kwamba ngozi ile imeikinga.

Alasiri ile nilikaa na mtaalamu mbele ya kompyuta. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kutunga kichwani sentensi ya kujikinga, kwamba mfumo bado ni mpya na hufanya makosa. Yeye alifungua kumbukumbu za siku ile, mahali msaidizi anapoacha hatua zake. Zilikuwa fupi. Mwanachama ana magunia tisa. Kituo kiko kwenye njia ya gari linalopanda kutoka Liuli. Gari lina nafasi. Siku inafaa. Panga.

"Amekosea wapi?" nilimuuliza.

Aliisoma mara mbili. "Hajakosea, mwalimu. Amekusoma wewe."

Ijumaa nilipanda Tingi. Shangazi alikuwa amekwisha kurudi kutoka msibani, amekaa kando ya kichanja akichambua kahawa ya mwisho, ile ya kunywa nyumbani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Uso huo ni wa nini? Nimetoka kuzika jana, usiniletee mwingine."

"Hakuna aliyekufa. Kahawa yako imesafiri na usipa."

Vidole vyake viliendelea kuchambua kwa muda, kisha vikasimama. "Nani aliipakia?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa kwenye gari?"

Nikamweleza yote, zana, maelezo, zile sentensi zangu tatu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mgonjwa.

"Nisomee hayo uliyoyaandika."

Nikamsomea. Kwa mara ya kwanza sikuyaona mazuri.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka yote ile ya chuo kikuu, na umesahau kitu nilichokufukuzia chumbani ukiwa kibogoyo?"

"Sikusahau, shangazi. Sikujua kama ni kitu cha kusema."

"Hicho kisaidizi kina pua?"

"Hakina."

"Kimewahi kuona usipa?"

"Hakijawahi kuona chochote. Kinasoma tu."

"Basi umemtuma ghalani mtu asiye na pua, asiye na macho, na hukumwambia kwamba duniani kuna harufu. Halafu unakuja hapa na uso mrefu." Alisukuma punje mbovu pembeni. "Toa karatasi. Andika."

Nilitoa daftari. Aliongea akitazama kahawa, na maneno yake yalikuwa ya mtu anayempokea mkwe mpya aliyetoka mbali. Kahawa hunywa harufu ya kila kilicho karibu nayo: samaki, vitunguu, mafuta ya taa, sabuni, mbolea. Haipandi gari moja na vitu hivyo. Haipandi gari lililobeba vitu hivyo mpaka lioshwe na kukaa juani siku nzima. Mahindi hayana shida. Maharage hayana shida. "Na akiwa hajui gari lilibeba nini, aulize. Asipopata wa kumuuliza, asipakie. Kahawa kavu inaweza kusubiri wiki. Haina haraka kama nyinyi."

Jambo hilo la kusubiri ndilo lililonishangaza kuliko yote. Msaidizi hakujua kwamba kahawa inaweza kusubiri. Shangazi alimwandikia "kabla ya Ijumaa", naye akaiona Ijumaa kama ukuta usiovukika. Kumbe Ijumaa ilikuwa matakwa yake tu, kwa kuwa waonjaji walikuwa wakija Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Nilirudi Mbinga nikaandika upya, nikiwa na hasira juu yangu mwenyewe, na hasira haiandiki vizuri. Niliweka herufi kubwa: KAMWE USICHANGANYE KAHAWA NA SAMAKI. Sikuweka sababu. Wiki hiyohiyo mama mmoja wa Liuli aliomba gari la usipa, msaidizi akamkatalia, kwa sababu gari lile lilikuwa limepangiwa kahawa siku nne mbele. Mama yule alimpigia simu mtaalamu wetu.

"Dada, huyo wenu wa kwenye simu amenuna? Mwezi jana alinibebea bila neno, leo ananiambia kahawa, kahawa. Mimi nina kahawa gani huku mchangani?"

Mtaalamu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifundisha jambo ambalo nalishika hadi leo. Nilikuwa nimempa msaidizi amri bila sababu, naye, kwa kuwa hakujua amri inalinda nini, aliitumia kila mahali. "Mwambie kwa nini," alisema. "Akijua kwa nini, mengine atayapima mwenyewe." Alinionyesha pia kwamba maelezo yangu, hata yakiwa mazuri, yalimtaka msaidizi ajue jambo ambalo hakuna aliyemwekea mahali pa kulisoma. Hakukuwa na sehemu yoyote iliyoonyesha gari lilibeba nini safari iliyopita. Akaiongeza, pamoja na siku lilipooshwa, na madereva wakatakiwa kuijaza kila jioni wakifika.

Tulibishana siku mbili juu ya urefu. Mimi sasa nilitaka kuandika kila kitu, hata habari za vichanja. Yeye alikuwa akikata. "Maelezo haya atayasoma kila mara, pamoja na ya zana nyingine zote. Ukimjazia, la maana litafukiwa." Mwishowe tulibaki na aya moja, nami naiweka hapa kama ilivyo, kwa kuwa ndiyo maandishi yangu yaliyosomwa mara nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika:

"Zana hii hupanga gari la chama kwa mzigo wa mwanachama. Itumie baada ya mwanachama kutaja aina ya mzigo, kituo, idadi ya magunia na siku. Kikikosekana kimoja, muulize, usikisie. Kahawa hufyonza harufu na haisafishiki tena. Kwa hiyo usiipange kwenye gari lenye samaki, vitunguu, mafuta ya taa, sabuni au mbolea, wala kwenye gari lililobeba vitu hivyo kama halijaoshwa na kukaa juani siku moja nzima. Vitu hivyo vinaweza kubebwa siku nyingine kwa gari hilohilo. Kama huoni gari lilibeba nini mara ya mwisho, usipange kahawa, iarifu ofisi. Kahawa kavu inaweza kusubiri wiki moja ghalani bila kuharibika. Mweleze mwanachama hivyo, umpe siku ya karibu iliyo salama."

Kahawa ya shangazi ilionjwa siku ileile iliyopangwa. Nilikuwepo. Waonjaji walivuta kahawa kutoka vijikoni kwa sauti, wakatema, wakatazamana. Mmoja alisema taratibu, bila kujua kahawa ni ya nani, "Hii ilikuwa nzuri sana. Lakini ina kitu cha ziwani." Neno "ilikuwa" nililibeba njia nzima kurudi ofisini. Magunia yote tisa yalikwenda kwenye lundo la pamoja.

Niliiandikia kamati barua. Sikumtaja msaidizi kama mkosaji, wala dereva. Niliandika kwamba maelezo yaliyoongoza upangaji wa gari niliyaandika mimi, kwamba yalikosa jambo ambalo kila mtoto wa milima hii analijua, na kwamba ninaomba msimu ule usihesabiwe dhidi ya mwanachama. Mjumbe mmoja aliuliza kama ninamwombea kwa sababu ni shangazi yangu. Nilijibu kwamba ndiyo, na kwamba ningemwombea hata asingekuwa. Walijadili mchana mzima. Wakampa msimu mmoja zaidi.

Msimu huo ulipofika, nilijizuia kumsaidia. Nilifungua tu kumbukumbu za msaidizi, nikasoma. Shangazi alikuwa ameandika kwamba ana magunia kumi na moja na anataka Jumanne. Msaidizi alimjibu hivi: "Gari la Jumanne lilibeba usipa jana na bado halijakaa juani. Kahawa yako inaweza kusubiri bila kuharibika. Lipo gari safi Alhamisi. Nikupangie hilo?"

Shangazi akajibu: "Sasa umeota pua. Panga."

Alhamisi hiyo nilikwenda kwenye ghala la barabarani, kwa kisingizio cha kazi. Dereva alikuwa yuleyule wa Tabora, ambaye sasa alikuwa mwenyeji. Shangazi alimkuta anafungua mlango wa nyuma, akamwambia asubiri. Akavua kandambili, akapanda ndani ya gari polepole, akishikilia ubao.

"Bibi, simu imesema gari ni safi," dereva alimwambia.

"Simu imesema. Sasa niache na mimi niseme."

Alitembea hadi mwisho wa bodi, akainama kwenye kona zote mbili, akanusa. Alivuta pumzi kama alivyokuwa akiivuta zamani mlangoni mwa chumba cha kahawa. Kisha akageuka, akaniona nimesimama chini na daftari langu.

"Hilo umeliandika?" aliniuliza. "Kwamba mwenye mzigo anuse kwanza?"

"Hapana, shangazi."

"Andika." Akamgeukia dereva. "Haya, pakieni."

Niliandika pale pale, nikiwa nimeegemea gurudumu, na jioni mtaalamu akaliongeza mwishoni mwa aya: mwambie mwenye mzigo, au mtu atakayemweka, anuse gari kabla ya kupakia, na akisema hapana, futa safari. Majuma mawili baadaye, kahawa yake ilipokwisha kuonjwa na kukubaliwa, nilimpelekea shangazi gunia moja tupu, jipya, lililoandikwa Tingi kwa wino mweusi. Alilikunjua juu ya mapaja yake, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaliinua hadi usoni, akalinusa.

"Wino," alisema. "Liweke nje mpaka kesho."

Nikaliweka nje.